Hatua Tatu Kutoka Majini

Kwembula kuna watu wasafi, halafu kuna Rajabu Shekigenda. Huyu hufagia uwanja wake mara mbili kwa siku, kisha hugeuka kuutazama, na akiona jani limedondoka nyuma yake hurudi kuliokota kwa mkono. Mkewe husema kwamba mumewe akikabidhiwa msitu wa Magamba, kazi ya kwanza itakuwa kuiomba miti isipukutishe majani. Sasa mtu wa namna hiyo mpe bwawa la kijiji, uone mambo.

Walimpa. Miaka saba na ushei iliyopita wanakijiji walimchagua awe Bwana Maji, yaani mshika lango la bwawa: anafungua asubuhi, anafunga jioni, na katikati anahakikisha kila mkulima amepata zamu yake bila ngumi. Bwawa lenyewe lilichimbwa na babu yake mzaa baba, naye akiitwa Rajabu, kwa jembe la mkono na wanaume wachache wenye moyo. Chini ya tuta lake yapo mashamba arobaini na kitu ya karoti, kabichi na viazi. Kiangazi kikikaza, bila bwawa hilo hata mchicha hauoti.

Basi mwaka wake wa kwanza akaja na sheria. Kijijini hapo kila Februari, kabla ya masika, kuna msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu na panga lake. Rajabu akasema siku hiyo kingo zote za bwawa, pamoja na mfereji unaoleta maji kutoka mashamba ya juu, zisafishwe hatua tatu kutoka majini. Lisibaki tete, lisibaki funjo, lisibaki gimbi. Atakayeacha majani upande wake atatoa faini ya mawe ishirini, ayabebe mwenyewe kutoka mtoni hadi kwenye tuta. Kikao kikapitisha. Tangu siku hiyo bwawa la Kwembula likawa linanyolewa kama bwana harusi, na wageni waliopita walisifu.

Mtu wa kwanza kupigwa faini alikuwa shangazi yake mwenyewe.

Shangazi Hidaya, dada wa marehemu baba yake, ana kishamba pembeni kabisa mwa bwawa, bonde dogo la majimaji lililojaa magimbi na mafunjo. Siku ile ya kwanza watu walifyeka kila mahali, yeye akakaa kwenye kigoda chake mbele ya magimbi na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Rajabu aliona hapo ndipo penye mtihani. Akimwachia shangazi yake, nani tena atatii? Akamsoma jina mbele ya watu wote, la kwanza kwenye orodha. Mama wa watu akajitwika ngata, akashuka mtoni, akapanda na jiwe. Rajabu akalitazama, akasema hilo dogo, halihesabiki, akalisukuma kando kwa mguu. Watu wakacheka. Shangazi akageuka akashuka tena.

Sasa mjue kwamba shangazi huyu, kwa kuwa Rajabu amebeba jina la baba yake, alikuwa akimwita "baba" tangu yuko mgongoni. Tangu siku ya lile jiwe akaanza kumwita Bwana Maji, kama anavyoitwa na kila mtu. Na kila Februari iliyofuata hakufyeka, akasomwa jina, akabeba mawe yake ishirini, akaenda zake. Miaka saba. Rajabu alijiambia kwamba haki ni haki, lakini nyumbani kwa shangazi hakuwa akinywa chai tena.

Haya, turudi kwenye bwawa. Kadiri lilivyonyolewa ndivyo lilivyozidi kuharibika, na hilo halikumwingia mtu akilini. Mwaka wa tatu maji yakapata ukijani. Mwaka wa tano yakawa mazito kama mboga ya kisamvu, na utando juu yake ukivutwa kwa mti unakuja kama shuka. Mwaka wa saba, kufikia Julai, wanunuzi wenye malori ya kushuka Mombo walianza kunusa karoti kabla ya kuuliza bei. Watoto waliochezea maji walijikuna hadi wakatoka vipele.

Edgar, mwenye duka la pembejeo pale senta, akatoa ushauri wa bure, na ushauri wa bure wa mwenye duka mnajua huwa unaishia kaunta. Akasema dawa ni mrututu, zile chengachenga za buluu ambazo wakulima huchanganya na chokaa kupulizia ukungu wa nyanya. Kikao kikanunua, Rajabu mwenyewe akamwaga. Siku ya tatu ule ukijani ukafa, ukazama, na maji yakaonekana. Watu walipiga makofi. Edgar alipita mtaani akitembea katikati ya barabara.

Baada ya wiki, harufu. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza ambayo ilikufuata mpaka mezani. Vyura walielea tumbo juu, samaki wadogo wakajipanga kwenye lango kama dagaa wa kuanikwa. Mwezi haujaisha, ukijani ukarudi, na safari hii ukarudi mnene kuliko wa kwanza.

Mwenyekiti wa kijiji, Abrahamu, si mtu mbaya, ila ana tabia ya kutaka jambo liishe. Akaitisha mkutano na kusema bwawa limekwisha. Wafungue lango maji yote yaondoke, wajaze udongo, pawe uwanja wa malori kupakilia mboga. Wenye mashamba ya chini watasubiri mvua kama watu wengine. Rajabu aliposikia neno kufukia, akasimama. Babu yake alilichimba, na yeye ndiye atakayesimama kulifukia? Akaomba muda. Walibishana hadi adhuhuri, mwishowe wakampa hadi msaragambo wa Februari. Maji yakiwa bado hivyo, siku hiyo watu watakuja na machepe badala ya mapanga.

Alirudi nyumbani akiwa na muda lakini hana la kuufanyia. Alikaa wiki nzima akifungua na kufunga lango kama mtu anayehudumia maiti.

Jioni moja ya Septemba, anafunga lango, akasikia chura. Akasimama. Kisha akasikia wa pili, wa tatu, kundi zima linapokezana. Lakini si vyura wote walikufa kwa mrututu? Yeye mwenyewe aliwazoa kwa chepe. Akaifuata sauti akizunguka tuta, ikampeleka mpaka ile pembe ya shangazi Hidaya. Hapo wapo. Kushoto kwake kimya, kulia kwake kimya, hapo tu ndipo penye ngoma. Mrututu aliumwaga bwawa zima, hakubagua pembe. Kwa nini hapa?

Asubuhi, kabla hata ya kufungua lango, alikuwa amechuchumaa pale. Akaona jambo ambalo miaka saba hakulitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta majani ya kutoza faini. Mbele ya mafunjo ya shangazi maji yalikuwa maangavu, eneo kama la mkeka mmoja, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wakikimbizana. Nje ya mkeka huo, ule utando wa kijani kama kawaida.

Labda kuna chemchemi, alijiambia. Maji safi ya chini ya ardhi, basi, siri imeisha. Akavua viatu, akapenya kwenye magimbi kutafuta chemchemi. Alitambaa kama hatua ishirini kupanda juu, tope likimfika magotini, akatokea kwenye mfereji. Mfereji ule ule! Penye kona, ukingo ulikuwa umevuja, na maji kidogo yalikuwa yakichepuka, yakaingia kwenye magimbi, yakazungukazunguka huko yakipotea na kuonekana, mpaka yakamwagikia bwawani. Maji yale yale ya mashamba ya juu, yenye samadi ile ile na mbolea ile ile ya dukani. Yaliingia machafu, yakatoka masafi. Na hakuna mtu aliyeyafanya kitu.

Rajabu alisahau kufungua lango siku hiyo. Watu wawili walikuja kumgombeza akawaitikia tu ndiyo, ndiyo.

Hakuyaamini macho yake, maana macho ya mtu mwenye shida huona anachotaka. Akatafuta chupa nne tupu za maji ya kunywa. Ya kwanza akaijaza pale maji yanapochepuka, ya pili katikati ya magimbi, ya tatu pale yanapotokea bwawani. Ya nne akaijaza kwenye mdomo wa mfereji mkubwa, ule unaonyolewa. Akazipanga dirishani juani, mkewe akamuuliza kama ameanza uganga, na kama ameanza, mbona wateja hawaonekani. Kila asubuhi Rajabu alizitazama kabla ya kunawa uso. Siku ya tano chupa ya kwanza ilianza ukijani, na ya nne ikafuata. Siku ya tisa ya pili ikapata rangi kidogo. Ya tatu ilikaa wiki mbili na bado ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Alirudi kwenye mafunjo mara nyingi hata akawa ametengeneza njia. Siku moja amelala kifudifudi, mkono umezama mpaka begani akipapasa mizizi, akasikia mtu anakohoa juu yake.

"Bwana Maji," shangazi Hidaya alisema, "umekuja kuzipima hatua tatu?"

Akainuka na tope lake, akaamkia shikamoo. Ikaitikiwa, kwa kuwa shikamoo haikataliwi. Akamweleza habari za vyura na chupa, kisha akamuuliza lililokuwa likimnyima usingizi: kwa nini miaka yote hiyo aliyaacha haya majani yasikatwe? Babu alimwambia nini? Rajabu alitegemea kusikia siri kubwa, maneno ya mchimbaji mwenyewe. Shangazi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Napenda magimbi," alisema. "Na sipendi kuamrishwa."

Basi, hiyo ndiyo siri yote. Akachukua jembe lake akaondoka.

Kama hakuna mtu aliyejua, Rajabu alitaka kujua yeye. Sekondari iliyo juu ya kijiji kuna mwalimu wa baiolojia, msichana mmoja anaitwa Glory, mwenye sifa ya kutochoka maswali. Rajabu alifunga mzizi wa funjo kwenye kitambaa kibichi, akabeba na chupa mbili, akapanda kilima. Mwalimu akamwamkia, akamweka kwenye kiti kirefu cha maabara, akakwangua ule ute unaoteleza juu ya mzizi, akauweka chini ya hadubini na kumwambia atazame kwa jicho moja.

Mwanzo aliona kope zake tu. Kisha akaona. Lahaula! Tone moja, na ndani yake mji mzima: vitu vinazunguka, vingine vinapita mbio, vingine vimejibanza kwenye uzi wa mzizi vikipepesa kitu kama ndevu, vikivuta uchafu mdomoni. Alitazama mpaka kengele ikalia, wanafunzi wakaingia, na yeye hajabandua jicho. Mwalimu akamweleza kwamba hao anaowaona ni wakubwa, wapo wadogo zaidi, bakteria, ambao kazi yao ni kuula uchafu na kuumaliza, na nyumba yao ni huo ute kwenye mizizi na mashina. Mashina nayo huyapunguza maji mwendo, tope likatua. Halafu mmea unakunywa mbolea iliyobaki.

Rajabu akauliza mbolea inahusikaje na ukijani. Mwalimu akajibu kwa swali. Je, kitu kinachonenepesha karoti, kikimwagika bwawani, kitanenepesha nini? Ule ukijani ni mwani, nao ni mmea wenye njaa kama mimea mingine. Ukiuua kwa dawa unazama na kuoza, ukioza unamaliza hewa ya maji, viumbe vinakufa, na mbolea yake inabaki palepale ikisubiri mwani mwingine. Hapo Rajabu akamkumbuka Edgar, na zile chengachenga za buluu.

Kisha akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza. "Na mtu akizinyoa kingo zote, mwalimu? Kila mwaka?"

Glory hakujua ni nani aliyetunga sheria, kwa hiyo alimjibu bila kumpunguzia. Alisema mtu huyo atakuwa amevunja kichujio, na kila kinachotoka mashambani kitaingia bwawani kama kilivyo.

Rajabu aliteremka kilima taratibu. Aibu ilimshika hadi masikio yakawa ya moto ingawa palikuwa na ukungu. Miaka saba, yeye akiwa mbele na panga lililonolewa, alikuwa akiliua bwawa la babu yake na kuiita kazi hiyo usafi. Na mtu mmoja tu aliyegoma, yeye Rajabu alimbebesha mawe.

Lakini mtu hawezi kukaa na aibu wakati Februari inakuja. Alichukua kilo mbili za sukari, akaenda kwa shangazi kuomba miche. Alimwambia anataka kupanua mfereji hatua thelathini za mwisho, uwe mpana na wa kina kifupi kama kitanda, apande humo mafunjo, matete na magimbi, maji yote yalazimike kupita kwenye mizizi kabla ya kuingia bwawani. Shangazi akapokea sukari, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hatua tatu je?"

Rajabu akasema hiyo sheria ataishughulikia msaragambo ukifika.

"Na mawe yangu?"

Hapo Rajabu akatazama chini. Shangazi akamwambia achimbe anachotaka, ila asiguse magimbi ya upande wa jikoni, hayo ni ya kunywea chai.

Alichimba Oktoba nzima, peke yake. Mvua za vuli ziliposhika, kitanda chake kikachangamka: mafunjo yakasimama, magimbi yakafungua masikio yake makubwa, matete yakapita kimo cha mtu. Kijiji kilivunjika mbavu. Bwana Maji ameota ndevu! Yule aliyekuwa anafukuzana na jani moja leo anapalilia magugu. Mtu mmoja alimletea wembe. Rajabu alipokea wembe, akashukuru, akaendelea kupeleka chupa zake dirishani.

Katikati ya Novemba alipata msiba wa upande wa mkewe huko Mazinde, wakateremka wakakaa siku tatu. Aliporudi, kabla hata ya kuweka mfuko chini, alikwenda kutazama kitanda chake. Nusu yake ilikuwa kipara.

Na pembeni alisimama Rubeni, amenyooka, panga begani, anasubiri kushukuriwa. Rubeni ndiye fundi wa kufyeka kuliko wote Kwembula, na Rajabu ndiye aliyemfundisha kukata chini kabisa, usawa wa tope. Kijana wa watu aliona mzee amezidiwa, akaona mfereji umeota ndevu, akasema mzee asirudi kutoka msibani akaumbuka. Alifyeka siku mbili bila kuombwa, majani yote akayasukumia majini kama walivyokuwa wakifanya siku zote. Rajabu alitaka kulia, kulia kabisa. Angesema nini? Huyo alikuwa mwanafunzi wake amefaulu. Akamwambia asante, akakaa kwenye tuta mpaka jua likazama.

Hata hivyo ule udadisi haukumwacha. Akaona afadhali atazame kitakachotokea. Wiki moja baadaye, kwenye ile nusu iliyofyekwa, maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi, yananuka. Majani yaliyokatwa yalikuwa yanaoza humo humo na kurudisha kila yalichokula. Akayavuta yote kwa reki, na yale ambayo hayajaoza akawapelekea ng'ombe wa Rubeni zizini. Ng'ombe hawakulalamika. Wiki mbili mbele visiki vikachipua upya, vikanyonya kwa pupa kuliko vile vizee ambavyo havikukatwa, na chupa ya upande huo ikawa safi kuliko ya upande mwingine. Kumbe kukata si kosa! Kosa ni kukata kila kitu kwa mpigo na kukiacha humo. Ukikata kidogo kidogo na kukitoa, mbolea ya mashamba inatoka bwawani ikiwa mdomoni mwa ng'ombe. Alikimbia kumweleza mwalimu Glory, na mwalimu akasema hilo hata yeye ataliandika ubaoni. Rubeni alipoelezwa alishika kichwa, kisha akawa mkataji na mbebaji mkuu wa majani, maana kufyeka kwake hakukwenda bure.

Desemba vyura wakahamia upande wa pili. Januari kereng'ende wekundu walikuwa wakitua kwenye matete, na ukijani ulianza kurudi nyuma siku baada ya siku, ukajikunyata pembeni mwa lango. Tusiongopeane, maji hayakuwa ya kunywa, na Rajabu hakumruhusu mtu ayanywe. Lakini harufu iliondoka. Mkewe ndiye aliyeitambua kwanza, alipofungua dirisha la jikoni na kulisahau wazi.

Siku ya msaragambo watu walikuja na machepe. Abrahamu alikwishazungumza na mwenye tipa la udongo. Rajabu hakuhutubia. Alimwongoza mwenyekiti kandokando ya kitanda, kutoka maji yanapoingia mpaka yanapotoka, akampa chupa mbili azishike. Abrahamu akazitazama, akachuchumaa, akachota maji ya bwawa kwa kiganja, akanusa. Akanusa tena. Akamwita mnunuzi mmoja wa karoti naye anuse. Kisha akasimama akipangusa mikono kwenye suruali, akasema wenye machepe wanaweza kuyalaza chini, jambo hili tutalitazama tena mwakani. Na jambo likishasogezwa mwakani Kwembula, mnajua limepita.

Ikabaki desturi ya mwisho, Bwana Maji kusoma majina ya walioacha majani hatua tatu kutoka majini. Watu walidhani ataiacha. Akafungua daftari.

"Yupo mmoja tu mwaka huu," alisema. "Rajabu Shekigenda. Ameacha majani hatua thelathini, na ameyapanda mwenyewe."

Wakacheka, yeye hakucheka. Akaomba sheria ile ifutwe, na badala yake kila msaragambo wakate nusu tu, wayatoe majani na kuyagawa kwa wenye ng'ombe. Mikono ikainuka. Kisha akasema shangazi yake Hidaya alibebeshwa mawe mia moja na arobaini kwa kulitunza bwawa hili, na kwamba mawe hayo atayarudisha yeye. Abrahamu akasema hakuna kifungu cha namna hiyo. Rajabu akamjibu kwamba kilichokuwepo alikitunga yeye, na kilikuwa kibovu.

Alianza siku hiyo hiyo. Ana miaka hamsini na minane na goti la kushoto lina maneno, na kutoka mtoni hadi pale ni mwinuko wa kumkalisha hata mbuzi. Kila jiwe alilipanga kwenye kichwa cha kitanda, ukuta mfupi wa kuyatawanya maji yasipite njia moja. Rubeni alikuja kusaidia akamrudisha. Aliyebeba mwanzo hakusaidiwa na mtu, alimwambia, tena alichekwa. Alibeba siku kumi na moja. Siku zote hizo shangazi alikaa kwenye kigoda chake kwenye magimbi akimenya, na Rajabu hakujua kama anatazama au hatazami.

Alasiri ya siku ya kumi na moja aliweka jiwe la mwisho, akajinyoosha akishika kiuno. Maji yalikuwa yameanza kuenea nyuma ya ukuta, yakitafuta njia kwenye mashina. Akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo, kwamba hayo ni mia moja na arobaini.

"Nilibeba mia moja na arobaini na moja," shangazi Hidaya alisema, kisu hakijasimama. "La kwanza ulilisukuma kwa mguu."

Rajabu alilikumbuka. Alilikumbuka mpaka rangi yake. Akatazama chini mtoni, akatazama goti lake, akaiokota ngata na kuanza kushuka. Alikuwa amefika kwenye matete shangazi alipomwita tena.

"Liwe dogo, baba," alisema. "Maana lilikuwa dogo kweli. Na usichelewe, magimbi yako motoni."